Fizi zilizorudi nyuma: mwongozo kamili wa upasuaji, kuanzia kipimo cha kwanza hadi mwaka mmoja baadaye

Ujumbe ninaoupata mara kwa mara kutoka kwa wasomaji ni huu: "Nilifanyiwa upasuaji wa fizi, baada ya miezi michache mzizi umeonekana tena. Daktari alikosea wapi?" Nikiuliza maswali mawili matatu, mara nyingi jibu linapatikana nyumbani kwa mgonjwa. Mswaki ni uleule mgumu wa zamani. Au siku ya tatu mdomo ulivutwa ili kidonda kionekane kwenye kioo. Au fizi zilikuwa bado zinatoka damu siku ya kukatwa.

Upasuaji wenyewe humalizika kwa saa moja au moja na nusu. Yanayotangulia na yanayofuata huchukua miezi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni yako. Fuata hatua kwa mpangilio wake, usiruke. Na pale maagizo ya daktari aliyekushona yanapotofautiana na haya, fuata yake, kwa sababu yeye ndiye aliyeona kilichomo ndani.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Miswaki miwili mipya: mmoja laini kwa meno yasiyoguswa, mwingine laini kupita kiasi kwa ajili ya sehemu iliyoshonwa, utakaokaa kwenye pakiti hadi daktari akuruhusu.
- Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ya asilimia 0.12 au 0.2, isiyo na kileo, kama daktari atakavyoagiza.
- Shashi safi, pakiti mbili.
- Pakiti ya barafu na kitambaa chepesi cha kuizungushia.
- Dawa za maumivu mlizokubaliana na daktari, zikiwa tayari nyumbani kabla ya siku yenyewe.
- Chakula laini cha siku tano za mwanzo: supu iliyopoa, mtindi, mayai ya kuvuruga, viazi vya kuponda.
- Mto wa ziada.
- Karatasi yenye majina ya dawa zote unazotumia, pamoja na vidonge vya lishe na dawa za mitishamba.
- Picha za fizi zako ulizopiga leo, kwenye mwanga mzuri, mbele na pande zote mbili.
- Siku mbili tatu za kupumzika, na juma zima bila mazoezi mazito wala kubeba mizigo.

Usitafute mafuta au unga wa "kuotesha fizi". Ufizi ukisharudi nyuma haujioteshi tena. Unaweza kuuzuia usizidi kurudi, na daktari anaweza kuufunika mzizi kwa nyama nyingine. Njia ni hizo mbili tu.

## Hatua ya 1: Pata vipimo kabla ya ushauri

Ukiambiwa "fizi zako zimeshuka sana", hujaambiwa kitu. Omba namba, na uombe ziandikwe kwa kila jino.

Ya kwanza ni urefu wa mzizi ulio wazi, kwa milimita. Ya pili ni kina cha mfuko kati ya jino na ufizi, kinachopimwa kwa kijiti chembamba chenye alama. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni hali nzuri. Kinachozidi hapo kikiandamana na damu kinaashiria ugonjwa ulio hai, na ugonjwa hutibiwa kwanza. Ya tatu ni upana wa ufizi mgumu, ule ulioshikamana na mfupa. Ya nne, inayosahaulika kuliko zote, ni hali ya nyama na mfupa katikati ya meno.

Kipimo cha tatu unaweza kukionja mwenyewe. Kabla ya upasuaji, vuta mdomo taratibu mbele ya kioo. Kama ukingo wa ufizi kwenye jino unacheza pamoja na mdomo, basi hapo ufizi mgumu umebaki kidogo sana au umekwisha.

Kwa nini uhangaike na namba? Kwa sababu si kila mzizi ulio wazi unahitaji kisu. Mzizi uliokaa palepale kwa miaka, hauumi, husafishika vizuri na haukusumbui kwa sura, unaweza kuangaliwa tu. Upasuaji una sababu pale ufizi unapoendelea kurudi kipimo hadi kipimo, mzizi unapouma kwa baridi licha ya dawa ya meno ya kupunguza maumivu ya baridi, mzizi unapoanza kuoza, mswaki unapouma kwa kukosa ufizi mgumu, au jino linapotarajiwa kusogezwa kwa waya na nyama yake ni nyembamba. Sura nayo ni sababu halali. Mtu anayeficha tabasamu lake ana haki ya kutibiwa.

Umefanikiwa kama: una karatasi yenye namba, na daktari amekueleza kwa nini jino hili linahitaji upasuaji na lile la jirani halihitaji.

## Hatua ya 2: Zima chanzo

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kuweka nyama mpya mahali palipoliwa na mswaki, kisha kurudi na mswaki uleule, ni kupaka rangi ukuta unaovuja.

Mswaki. Chunguza ulio bafuni sasa hivi. Kama nywele zimelala pembeni na haujamaliza hata mwezi, unakandamiza mno. Kisha pitisha ukucha kwenye shingo ya jino, pale linapokutana na ufizi. Ukikwama kwenye kijishimo, huenda sehemu ya jino nayo imesuguliwa, na daktari anapaswa kuamua kama kijishimo hicho kijazwe kabla au baada ya ufizi kufunikwa.

Badilisha namna ya kupiga mswaki. Ushike kwa ncha za vidole kama unavyoshika kalamu, si kwa ngumi. Weka nywele kwenye mpaka wa ufizi na jino zikiwa zimeinama, kisha ziviringishe kuelekea ncha ya jino: meno ya juu kwenda chini, meno ya chini kwenda juu. Usisugue kwa kwenda na kurudi kama anayepiga randa. Fanya hivi kwa wiki kadhaa kabla ya upasuaji, mpaka mkono uzoee wenyewe, kwa sababu baada ya kushonwa hutakuwa na nafasi ya kujifunza.

Ukoga na ugaga. Ukoga ni ule utando laini unaojijenga kila siku. Ugaga ni ukoga uliogeuka jiwe. Kama una mifuko yenye kina, daktari atasafisha hadi chini ya ufizi, mara nyingi kwa ganzi, kisha atapima upya baada ya miezi miwili mitatu. Kuchelewa huku kusikukatishe tamaa. Ufizi uliovimba ni laini na unachanika, na uzi hauushiki vizuri.

Usishtuke kama baada ya kusafishwa mzizi utaonekana zaidi. Uvimbe umeisha, na sasa unaona mahali ufizi ulipo kweli.

Tumbaku. Inabana mishipa midogo ya damu, na nyama inayopandikizwa huishi kwa mishipa hiyohiyo. Kwa wavutaji, mizizi hufunikwa kidogo kuliko kwa wasiovuta. Baadhi ya madaktari hukataa kabisa kumpandikiza mvutaji, na wana hoja. Tumbaku ya kutafuna au kuweka chini ya mdomo huula ufizi pale pale inapokaa.

Mengine. Kipini cha mdomoni au cha ulimi kinachogonga ufizi kitolewe. Kile kigozi chembamba kinachounganisha mdomo na ufizi, kikiwa kinauvuta ukingo, huenda kikahitaji kukatwa. Jino lililosimama nje ya mstari huenda likahitaji kusogezwa kwanza.

Umefanikiwa kama: umepitisha uzi wa meno kila siku kwa wiki mbili na hakuna damu.

## Hatua ya 3: Jua unafanyiwa upasuaji upi

"Upasuaji wa fizi" ni jina la mambo mengi, na mawili kati yake yanakwenda kinyume. Kuna upasuaji wa kupunguza mifuko: daktari hufungua ufizi, husafisha mizizi na mfupa, kisha huufunga. Unasaidia kuokoa jino, lakini kwa kawaida huacha mzizi ukionekana zaidi. Na kuna upasuaji wa kufunika mzizi. Nimezungumza na watu waliofanyiwa wa kwanza wakidhani ni wa pili, wakalia mbele ya kioo. Uliza kwa maneno haya: "Nikishapona, mzizi utafunikwa au utaonekana zaidi?"

Wa kufunika una njia hizi kuu. Nyama inayopandikizwa nitaiita kiraka, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi.

Kuvuta ufizi pamoja na kiraka cha ndani. Daktari huulegeza ufizi juu ya mzizi, huchukua kipande chembamba kutoka chini ya ngozi ya kaakaa, hukilaza juu ya mzizi, kisha huuvuta ufizi kukifunika na kushona. Hii ndiyo njia yenye rekodi nzuri zaidi ya kufunika mzizi na kubaki hivyo kwa miaka, na rangi yake hufanana na jirani.

Handaki. Ni jamaa ya hiyo ya kwanza. Badala ya kukata ukingo, daktari hupenya chini ya ufizi kwa vifaa vidogo, hutengeneza njia, kisha hupitisha kiraka humo. Hupendwa pale meno kadhaa ya jirani yanapofunikwa kwa mara moja.

Kiraka huru. Kipande cha kaakaa huchukuliwa pamoja na ngozi yake ya juu na kushonwa moja kwa moja. Lengo lake kubwa ni kuongeza ufizi mgumu, hasa meno ya mbele ya chini. Huwa imara sana, lakini rangi yake hubaki nyeupe zaidi kuliko jirani, na kidonda cha kaakaa huachwa wazi. Kwenye meno yanayoonekana ukitabasamu, omba maelezo kabla ya kukubali.

Kusogeza ufizi wa jirani. Kama jino la pembeni lina nyama ya kutosha, kipande chake husogezwa kando kufunika mzizi.

Vibadala vya kaakaa. Kuna vipande vilivyotengenezwa kwa ngozi ya binadamu aliyetoa au kwa kolajeni (protini inayojenga ngozi) ya mnyama, vikiwa vimesafishwa hadi seli zote zimetoka. Faida ni kwamba kaakaa halikatwi. Uliza chimbuko lake ikiwa jambo hilo ni zito kwako kwa imani au dhamiri. Ni swali la haki kabisa, na lina jibu.

Hakuna njia iliyo bora kwa kila kinywa. Lakini daktari anayejua njia moja tu ataipendekeza hiyo moja. Ukihisi hivyo, tafuta maoni ya pili kwa bingwa wa fizi.

## Hatua ya 4: Ujue unachoweza kupata

Kile kipimo cha nne kinarudi hapa. Madaktari huipanga mizizi iliyo wazi katika makundi matatu, wakiyaita RT1, RT2 na RT3, kwa kuangalia mshiko wa jino uliopotea pande zake, katikati ya meno.

RT1: hakuna kilichopotea katikati. Kufunika mzizi wote kunawezekana.

RT2: kimepotea kiasi, lakini si zaidi ya kilichopotea mbele ya jino. Tarajia kufunikwa kwa sehemu, na pengine zaidi.

RT3: katikati kumepotea zaidi kuliko mbele. Hapa hakuna wa kukuahidi mzizi kufunikwa wote. Upasuaji unaweza bado kufaa kwa kuongeza unene wa ufizi, lakini sura haitarudi ya zamani.

Sababu ni nyepesi kuielewa. Mzizi hauna mishipa ya kulisha kiraka. Kiraka hulishwa kutoka pembeni. Pembeni kukiwa kumebomoka, hakuna cha kukilisha. Kwa hiyo pia vile vipembetatu vyeusi kati ya meno havizibwi na upasuaji huu.

Mwulize daktari: jino langu ni kundi gani? Unatarajia kufunika milimita ngapi kati ya hizi? Nikipata nusu, mpango ni upi? Kaakaa langu lina unene wa kutosha? Nani nitampigia simu usiku damu ikitoka?

Anayejibu "asilimia mia" kwa kila jino hajakupima.

## Hatua ya 5: Uandae mwili

Mpe daktari ile karatasi ya dawa. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, aspirini ya moyo ikiwemo, usiiache kwa uamuzi wako. Kidonda cha kaakaa hubanwa na kuacha kutoka damu, lakini bonge la damu kwenye moyo au ubongo halina mchezo. Madaktari wako wawili wazungumze.

Sema pia kama una kisukari, vali bandia ya moyo, ujauzito, mzio wowote, au kama umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, hata kama ni sindano ya miaka iliyopita. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda. Vali bandia huhitaji dawa ya kuua bakteria kabla ya kukatwa. Kwa mjamzito, upasuaji wa aina hii kwa kawaida unaweza kusubiri.

Siku yenyewe, kama ni ganzi ya kawaida, kula vizuri kabla ya kwenda, maana utakaa muda kabla ya kula tena. Piga mswaki. Kama utapewa dawa ya usingizi, masharti ya kula ni mengine, na lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani.

## Hatua ya 6: Kwenye kiti

Utachomwa sindano za ganzi, na za kaakaa ndizo zinazouma. Zinapita. Baada ya hapo utahisi kusukumwa na kuvutwa, si maumivu. Ukihisi makali, inua mkono. Ganzi huongezwa.

Daktari ataukwangua mzizi uwe safi, atatengeneza nafasi, atachukua kiraka, kwa kawaida kwenye kaakaa kati ya chonge na gego la kwanza, na kukishona kwa nyuzi nyembamba mno. Atabana kwa shashi yenye maji kwa dakika kadhaa ili damu isijikusanye chini ya kiraka. Damu ikikaa hapo, kiraka hutengana na kitanda chake na kukosa chakula.

Kabla hujaondoka, waombe wakuonyeshe kwa kioo mahali nyuzi zilipo, na upige picha. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuangalia kwa siku nyingi.

## Hatua ya 7: Saa 24 za kwanza

Kunywa dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha. Ibuprofeni na parasetamoli hutumika sana pamoja, lakini ibuprofeni haiwafai wenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, wajawazito na baadhi ya wenye pumu. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Usitumie aspirini kama dawa ya maumivu, maana inaongeza kutoka damu.

Weka barafu shavuni, juu ya kitambaa, dakika 10 hadi 20, kisha pumzisha muda kama huo. Barafu haifuti uvimbe, inaupunguza tu. Uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo ukiamka shavu limejaa usidhani mambo yameharibika.

Lala kichwa kikiwa juu. Kula vya baridi au vuguvugu, kwa upande mwingine. Usinywe kwa mrija, usiteme mate kwa nguvu, usisukutue. Kuvuta na kutema hutoa donge la damu lililoziba kidonda. Mate yakijaa, inama juu ya sinki na uyaache yadondoke yenyewe.

Mate ya rangi ya waridi ni kawaida. Damu nyekundu ikichuruzika kaakaani, kunja shashi, iloweshe kwa maji, bana kwa kidole kwa nguvu ya wastani kwa dakika 20 ukiangalia saa, bila kuinua kuchungulia. Kila ukichungulia unaanza upya. Lakini damu ikitoka kwenye kiraka chenyewe, usikisukume wala kukisugua, mpigie daktari.

## Hatua ya 8: Siku ya 2 hadi ya 14

Hizi ndizo siku zinazoamua, na ndizo nitakazokaa nazo.

Kiraka kikiwekwa hakina damu yake. Siku mbili za mwanzo huishi kwa kufyonza majimaji yanayotoka kwenye kitanda kilipolazwa. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, mishipa midogo huanza kuota kutoka pembeni na kuingia ndani yake, na huchukua juma zima au zaidi kushika. Mishipa hiyo ni laini kuliko utando wa buibui. Kiraka kikisogea hata nusu milimita, inakatika. Kuvuta mdomo kunatosha kabisa kukisogeza.

Najua kwa kuwa nililifanya. Kiraka changu kilikuwa kwenye chonge ya juu. Siku ya tatu asubuhi niliinua mdomo kwa kidole gumba, nikaona kitu cheupe kama karatasi iliyolowa. Nikaogopa kimeoza, nikainua zaidi ili nione vizuri. Nikahisi uzi mmoja ukilegea, kitu kidogo tu, kama nyuzi ya nguo inapokatika. Nusu ya kiraka ilikufa baada ya hapo. Ule weupe ulioniogopesha ulikuwa hali ya kawaida kabisa, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Kwa hiyo nakwambia mapema rangi utakazoziona kwa bahati ukizungumza au kucheka. Siku za kwanza, kiraka kilicho wazi huwa cheupe au kijivu hafifu. Kati ya siku ya nne na ya saba ngozi ya juu hubambuka kama utando. Chini yake hutokea wekundu mkali. Kufikia wiki ya pili wekundu huelekea kuwa waridi. Weupe peke yake si kifo cha kiraka. Kinachotia wasiwasi ni kiraka kilichogeuka cheusi, kinachoning'inia, au kinachonuka.

Ya kila siku ni haya:

1. Usivute mdomo. Mtu akiomba kuona, mwonyeshe picha ya siku ya upasuaji.
2. Usipige mswaki sehemu iliyoshonwa, wala kupitisha uzi wa meno hapo. Meno mengine yote yapigwe mswaki kama kawaida. Kinywa kichafu huambukiza kidonda.
3. Klorheksidini mara mbili kwa siku, kuanzia siku daktari aliyoagiza, mara nyingi siku inayofuata upasuaji. Chukua kiasi kilichoandikwa, kiache kitulie upande wa kiraka kwa kuinamisha kichwa, nusu dakika hadi dakika moja, kisha kiache kidondoke. Acha dawa ya meno na hii zipishane kwa nusu saa, kwa sababu baadhi ya dawa za meno huidhoofisha. Meno yakipata rangi ya kahawia na chakula kikipoteza ladha, vyote vinaondoka. Rangi husafishwa na daktari.
4. Chakula laini, upande mwingine. Epuka vya moto, vya kukwaruza, na vyenye punje ndogo zinazojificha kwenye nyuzi. Kama umepandikizwa meno ya mbele, using'ate kitu. Kata vipande vidogo na upeleke nyuma.
5. Hakuna tumbaku, hakuna pombe, hakuna mazoezi ya kutokwa jasho juma zima.
6. Usiweke kitu juu ya kidonda. Chumvi, asali, karafuu, unga wa majani, vyote vinakwaruza au kuunguza nyama isiyo na kinga.

Kaakaa litauma kuliko kiraka. Wengi hawaamini hadi wapitie. Kama liliachwa wazi, huchukua wiki mbili hadi nne kufunga, na wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Muulize daktari kabla ya upasuaji kama anaweza kukutengenezea kifuniko cha plastiki cha kaakaa. Kinapunguza maumivu ya kula sana.

Rudi kwa daktari siku hiyohiyo ukiona: damu isiyokoma baada ya kubana dakika 20 mara mbili, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya nne, homa, usaha, maumivu yaliyopungua kisha yakarudi kwa kasi, uzi uliokatika huku kiraka kikicheza. Nenda hospitali mara moja ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, au ukivimba uso na kutoka vipele baada ya kutumia dawa yoyote.

Umefanikiwa kama: siku ya 14 kiraka kimekaa palepale, kina rangi kati ya nyekundu na waridi, na maumivu hayahitaji tena dawa.

## Hatua ya 9: Nyuzi na kurudi kwa mswaki

Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, nyingine huyeyuka zenyewe. Usikate uzi unaokuchoma ulimi. Mpigie daktari, aukate yeye.

Kutolewa nyuzi si ruhusa ya mswaki. Daktari ndiye anayetaja siku, kwa kawaida kati ya wiki ya tatu na ya sita, kutegemea njia iliyotumika. Siku hiyo fungua ule mswaki laini kupita kiasi. Viringisha kutoka ufizini kwenda ncha ya jino, mara tano sita, bila uzito. Damu kidogo siku za mwanzo inaruhusiwa, maumivu hayaruhusiwi. Uzi wa meno hurudi mwisho, na uteremshe taratibu ukikumbatia jino, usiudondoshe kwa kishindo juu ya ufizi.

Kosa la hapa lina sura mbili. Kuna anayesugua kwa furaha ya kupona, na kuna anayeogopa kupagusa kwa miezi mitatu hadi ukoga unajenga na ufizi mpya kuvimba. Wote wawili huishia mahali pamoja.

## Hatua ya 10: Mwezi wa kwanza hadi mwaka

Mwezi mmoja hadi miwili, ufizi unaweza kuonekana mnene, kama umefura. Unasinyaa. Jino linaweza kuuma kwa baridi na ngozi ya hapo kuwa na ganzi hafifu. Kwa kawaida navyo hupungua kadiri wiki zinavyopita.

Usihukumu matokeo kabla ya mwezi wa sita. Kuna watu ambao ukingo wa ufizi huendelea kujisogeza wenyewe kuelekea ncha ya jino katika mwaka wa kwanza, na hata baada ya hapo, hasa kwenye kiraka huru. Pia ufizi ukibaki mnene kupita kiasi, daktari anaweza kuuchonga kidogo baadaye ili ulingane na jirani.

Nenda kusafishwa kila miezi mitatu hadi sita kwa mwaka huo, na kila mara omba namba zilezile za hatua ya kwanza ziandikwe upya: milimita za mzizi, kina cha mfuko, upana wa ufizi mgumu. Mfuko ukiwa milimita 1 hadi 3 bila damu, na mzizi ukiwa umefunikwa kama mlivyokubaliana katika hatua ya nne, kazi imeshika.

Ikiwa nusu ya kiraka ilipotea, kama ilivyonitokea, bado usikate tamaa. Daktari husubiri miezi kadhaa nyama ikomae, kisha hupima upya. Mara nyingine nusu iliyobaki imeshaongeza ufizi mgumu wa kutosha kulinda jino, na mara ya pili haihitajiki. Mimi nilirudia baada ya mwaka. Mara hiyo nilifunika kioo cha bafuni kwa kitambaa kwa siku 14, na nilikitoa asubuhi ya kwenda kutolewa nyuzi.